Nilivyowalisha Kuhe wa Tabora

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, wavu mdogo wenye mpini, na samaki wawili waliogoma kula. Kilikuwa kituo cha kufundishia ufugaji wa samaki mjini Tabora, na ukumbini mlipangwa matangi ya vioo ili wanafunzi na wageni waone samaki wa maziwa yetu. Hao wawili walikuwa kuhe, samaki wawindaji wa Ziwa Tanganyika, walioletwa kwa treni kutoka Kigoma ndani ya mapipa. Mimi nilijua kulisha samaki ni kumwaga pumba na kwenda zako. Nikamwaga. Kuhe walizitazama zikizama, kisha wakanipa mkia.

"Huyo hali pumba, Kaka Masanja," alisema mlishaji mwenzangu. "Kwake yeye kisichotembea si chakula."

Huyo ndiye Mama Yusta, aliyenifundisha kazi. Aliletwa Ulyankulu akiwa mgongoni mwa mama yake, wazazi wakikimbia kutoka Burundi, akakulia huko kwenye makazi ya wakimbizi. Hakuwa na cheti, na Mkuu wa Kituo alikuwa amemwahidi nafasi ya kozi itakapopatikana. Kozi hiyo ndiyo ingemtoa kwenye ukibarua. Aliizungumzia karibu kila siku, mpaka nikawa namtania kwamba atatuchosha kabla hajaenda.

Kwanza alinifundisha kuzoesha. Unafunga kipande cha mnofu wa sato kwa uzi kwenye ncha ya kijiti, unakipitisha taratibu mbele ya samaki, unakitikisa kama kitu kinachojaribu kutoroka. Anakataa leo, anakataa kesho, siku moja anakidaka. Baada ya hapo unapunguza kutikisa, mpaka anakubali mnofu uliotulia, uliogandishwa na kukatwa kwa kipimo cha mdomo wake. Nyama ya ng'ombe tuliikwepa, maana mafuta yake humlemea samaki tumboni. Dagaa wa kukausha tuliwaroweka kwanza, tukawaosha mchanga wote.

Chakula hai kilikuwa na masharti makali zaidi. Perege wadogo tuliwazalisha wenyewe, wala hatukuwachukua bwawani kwa watu, kwa kuogopa magonjwa. Nyungunyungu tuliwalaza siku tatu kwenye gunia bichi ili watoe udongo wa tumboni. Kisha ilifuata hatua ambayo Mama Yusta aliiita kuonjesha: tunampa perege mmoja wa kawaida wachache wao kwenye beseni la pembeni, tunangoja siku nzima. Perege akiamka mzima, ndipo kuhe wanapata. Nilimcheka nikasema kuhe wanatunzwa kuliko watemi. Yeye hakucheka. Alisema perege tunao wengi, kuhe ni wawili tu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu, na hata sasa naona haya kuliandika.

Ilikuwa kiangazi. Mkuu wa Kituo alitangaza kwamba wageni wa kutoka Dar es Salaam wangekuja kesho yake, na akaagiza waone kuhe wakiwinda. Perege wadogo walikuwa wamekwisha. Kuwatafuta nyungunyungu ilikuwa zamu yangu, na ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Mahali penye unyevu palikuwa Itetemia, kwenye vitalu vya tumbaku, ambako miche humwagiliwa kila siku. Nilichimba pembeni mwa kitalu nikapata kopo zima. Bomba la kupulizia dawa ya wadudu lilikuwa limeegemezwa kwenye ua, na harufu ya dawa ilikuwa bado ipo. Nililiona bomba lile, nikainusa ile harufu, nikaendelea kuchimba.

Sikuwalaza. Sikuwaonjesha. Niliwaosha tu nikawatia kwenye ndoo. Asubuhi Mama Yusta aliingia zamu, akaniuliza, "Umewaonjesha?"

"Nimewaonjesha," nikamjibu.

Akawalisha kuhe kwa mkono wake. Wageni walipoingia ukumbini, kuhe mmoja alikuwa ameshapinduka tumbo juu, na wa pili alikuwa akijigonga kwenye kioo. Kabla ya adhuhuri wote walikuwa wamekufa.

Mkuu wa Kituo alituita ofisini. Mama Yusta alieleza kwamba mimi ndiye niliyemwambia chakula kimeonjeshwa. Mkuu akanigeukia. "Masanja, ni kweli?"

"Sikumbuki kumwambia hivyo, mzee."

"Na nyungunyungu ulitoa wapi?"

"Bustanini kwetu hapa hapa, mzee."

Mkuu akatikisa kichwa. "Hawa wa makazini tunawasaidia, halafu ona wanavyotuharibia." Mama Yusta alinitazama mimi, wala si yeye. Nikainamisha macho kwenye viatu vyangu. Aliondolewa kazini siku hiyo hiyo, na kozi ilipopatikana nikapelekwa mimi.

Cheti hicho ndicho kilichonifanya Bwana Samaki wa Igunga, nikizunguka kuwafundisha wakulima wa mpunga kuchimba mabwawa. Ndicho kilichonirudisha Tabora kuwa msimamizi wa matangi. Niliwafundisha vijana kuonjesha kwa ukali mpaka wakanichoka, wakidhani ni uhodari. Siku ya kustaafu nilisifiwa mbele za watu kuwa mtu mwangalifu, na nikapiga makofi pamoja nao. Najionea aibu zaidi kwa makofi yale kuliko kwa kopo la Itetemia.

Mwaka huu nimekwenda Ulyankulu. Nilimkuta Mama Yusta akipukuchua mahindi uani na binti yake. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za nyumbani kama watu tulioachana jana. Nikamweleza yote: kitalu, bomba la dawa, uongo wangu wa asubuhi na uongo wangu wa ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Kwamba ulinikana, hilo nilikuwa nalo," alisema. "Hili la dawa sikulijua." Akachukua hindi jingine. "Asubuhi ile nilifua nguo za mtoto kabla sijaja kazini. Nimeishi nikijua ni sabuni ya mikono yangu iliyowaua. Nilisema labda wewe uliwaonjesha kweli, ila ukaogopa kusema mbele ya Mkuu. Watu wa hapa waliponiomba niwafundishe kufuga samaki, niliwakatalia. Mara tatu wamekuja. Niliwaambia mimi mkono wangu unaua."

Binti yake aliacha kupukuchua. Mimi nilikuwa nimekuja na msamaha wa kuomba, nikaona siwezi hata kuutamka.

"Basi haikuwa sabuni," alisema Mama Yusta, akimwambia binti yake, si mimi.