Siku Watu Walipohamia Upande wa Pili

Nakumbuka nikiwa msichana hapa Ngulyati, mwanangu, pamba imeshauzwa na ngoma zimeanza. Ngoma zetu ni za mashindano, unajua: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, na linashinda lile linalovuta watu wengi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepagawa na dada mmoja mweusi wa Marekani niliyemsikia kwenye redio ya baba. Mtangazaji alisema alianzia kwaya ya kanisani, akaja kuimba nyimbo za mapenzi hadi dunia ikamjua. Nami nikataka kuwa yeye. Nikakariri wimbo wake mzima, na Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji.

Zamu yangu ilipofika nikauimba huo huo. Nilijikunja, nikafumba macho, nikapaza sauti. Nilipofumbua, watu wote wamehamia upande wa pili. Wenzangu wakasema kesho siimbi tena. Nililia, sikufichi.

Manju wetu, mtunzi na kiongozi wa kundi, alikuwa mama mtu mzima asiyejua kubembeleza. Akanifuata nilikojificha.

"Ng'wanawane, mwanangu, sauti unayo. Lakini yule anaimba ya kwao. Ya kwako yako wapi?"

"Sina, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Huna? Mama yako kapanda pamba, kafa, umeivuna peke yako, halafu unaniambia huna?"

Maneno yalinichoma, maana tangu mazishi sikuwa nimemtaja mama mbele za watu. Manju akaniombea nafasi moja tu kwa wenzangu.

Kesho yake niliimba Kisukuma. Nilimwimba mama, na mbegu alizofukia kwa mikono yake, na mimi nikijaza magunia bila yeye. Katikati sauti ikanikatika. Hapo wanawake wa upande wa pili wakaanza kuvuka uwanja, wakaja kunishika. Na yule Mmarekani sikuacha kumpenda. Nadhani ndiyo siku niliyomwelewa: alipotoka kanisani alitoka na kilio cha kwao, akakitia kwenye nyimbo za mapenzi.

Basi, mwanangu, unaporekodi nyimbo zako huko Bariadi mjini, wasikilize hao wa mbali mpaka ushibe. Jifunze kwao kupumua na kuthubutu. Lakini ukishika maiki, tuambie yaliyokupata wewe. Mungu alilinde koo lako, akupe na moyo usioogopa. Sauti ikikukatika usione haya. Sisi tutaitikia mpaka uweze kuendelea.