Baba Mkwe, Leso na Mlango wa Hoteli

Aibu hii nilitaka kuzikwa nayo, lakini hasira zimenizidi, kwa hivyo sikilizeni.

Hoteli niliichagua mimi. Niliiona kwenye simu, bonde la kijani na vilima vya Shimba nyuma yake, nikamwambia mume wangu tuwapeleke wazee wake wakapumzike. Bonde halikuwa na kosa, wallahi. Hoteli ndiyo iliyokufa kitambo: dari imeoza, godoro linanuka popo, na bomba (nimeshajipaka sabuni mpaka nywele) likakohoa, likakauka.

Mume wangu na mama yake walikuwa wameteremka kutazama maporomoko ya maji. Nikajifunga leso moja, nikamwacha Nasra wangu, miezi minane, sakafuni na kijiko chake, nikatoka kuitisha ndoo ya maji, hapo mlangoni tu. Upepo ukaubamiza mlango. Nikashika kitasa, kikanibakia mkononi! Na dirisha la chumba halikuwa na kioo, na nyani nilikuwa nimewaona ukutani.

Nikapiga ukelele. Dada wa mapokezi akaja mwendo wa harusi.

“Madam, hiyo mlango huwa inafanyanga hivyo. Ungeinua kidogo ukivuta.”

“Vunja!”

“Mpaka manager aseme.”

Chumba cha pili kikafunguka. Baba mkwe! Mtu ambaye tangu niolewe hajaona hata unywele wangu, leo ananiona na povu, mabega nje. Akageukia ukuta.

“Astaghfirullah! Mtoto yuko wapi?”

“Ndani, Baba! Na nyani wako nje!”

“Nielekeze, mwanangu. Mimi sigeuki.”

Nikamwelekeza mzee wa watu kinyumenyume, kushoto, nyuma, nyuma tena, kama utingo na lori, akaupiga mlango kwa makalio mpaka ukang'oka na fremu yake, Baba chali juu yake, kanzu usoni (hapo nikafumba macho mimi). Kitandani ameketi nyani na nepi ya mwanangu mkononi! Kwa kishindo kile akaruka nje kupitia dirishani, nami nikamkumbatia Nasra na sabuni yangu yote.

“Mngefunga dirisha,” akasema yule dada.

“Kwa kioo kipi?”

Mume wangu aliporudi akauliza mlango umevunjwa na nani.

“Nyani,” tukajibu kwa pamoja, mimi na Baba, kila mmoja akitazama upande wake. Yule dada akafungua mdomo, nikamkazia jicho, akaufunga.

Mimi tena nikitaka kuona bonde nitasimama kando ya barabara, nilitazame mpaka nishibe, kisha nirudi kulala kwangu.