Kakule D Wawili

Nobert alikuwa na kijicho, tusifichane. Siku zote zahanati ile ya Bwera, mji wa mpakani, ilikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, naye ni yeye, kijana wa mji wa Hima, mpaka Gracien, fundi mwingine, alipovuka mpaka kutoka Butembo. Tangu hapo Mama Gorret, mwenye zahanati, akawa hana wimbo mwingine: Gracien hivi, Gracien vile. Tena akatangaza kwamba mmoja wao atakuwa mkuu wa kompyuta. Roho ikamchoma Nobert, chakula hakipiti.

Gracien aliandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C programu ya kuchapa lebo za chupa za damu. Ilikuwa safi, na hiyo ndiyo iliyomuuma mwenzake. Kabla haijaanza kazi akamletea.

"Kaka, unisomee hii. Miye naogopa kosa."

Nobert akasoma, kosa akaliona palepale. Ndani ya programu kila herufi ilikaa kwenye nafasi pana ya ukubwa mmoja, lakini printa ilitaka baiti, vipande vidogo vidogo, na herufi kama é inakula baiti mbili. Kazi ya kugeuza ilikuwa ya amri iitwayo wcstombs. Sasa Gracien alisahau kuita mwanzoni setlocale, amri inayoiambia programu itumie herufi za lugha gani. Bila hiyo, wcstombs ikikuta é inagoma na kurudisha alama ya kushindwa, na Gracien hakuikagua. Jina linakatikia hapo. Alikuwa amejaribu majina ya wenzake tu, yasiyo na é: Gorret, Immy, Nobert.

"Iko sawa," Nobert akasema. Alifurahi kabisa. Lebo mbili tatu zitoke vibaya, mgeni aaibike, yeye apewe ukuu. Zaidi ya hapo hakuwaza.

Lakini watu wa Beni na Butembo mtoto wao wa nne wa kiume ni Kakule, nyumba hii na ile, na kinachowatenganisha ni jina la ubatizo. Jumatatu wakaja Kakule Désiré, mzee mwenye kikohozi, na Kakule Dénis, mtoto mwenye homa. Maabara ikapokea chupa mbili za Kakule D. Majibu yakapishana: mzee akapewa dawa ya malaria ya mtoto, mtoto akarudishwa nyumbani. Jioni akaletwa ana degedege. Wakamwokoa kwa shida.

Kesho yake Mama Gorret akawaita. Gracien alikuwa ameshalipata kosa mwenyewe.

"Ni langu, Mama. Nobert alinisomea pia. Kama fundi kama yeye hakuliona, basi lilijificha kweli."

Maskini, alikuwa anamtetea. Mama Gorret akamgeukia Nobert. "Uliona ama hukuona?"

Aseme aliona, akanyamaza mtoto akakaribia kufa?

"Sikuona, Mama."

"Basi Gracien aliyeliona ndiye mkuu. Na wewe ukae karibu naye, akufundishe hii kitu."

Nobert akavuta kiti. Gracien akamwelekeza setlocale taratibu, kwa upole, tangu mwanzo, akimuuliza kila mara kama ameelewa. Nobert akajibu ameelewa.