Siagi ya Njugu ya Dada Yangu

Kwa miaka mitatu sikununua siagi ya njugu dukani. Ya nini, na dada yangu mkubwa anatengeneza mwenyewe kule Makongeni, Thika? Zile za dukani nilizisema vibaya mbele ya akina mama wa kanisa letu hapa Gitothua, eti nani anajua kilichosagwa humo ndani. Ya dada niliijua. Kila Jumamosi nilikuwa nikienda Thika kumsaidia kuchagua njugu.

Tulikaa nje ya mlango wake, kila mmoja na sinia yake. Njugu nzuri ziliingia kwenye beseni. Zilizokunjamana, zilizoshika weusi au vumbi la kijani, zilienda kwenye ndoo nyeupe iliyowahi kuwa ya rangi ya nyumba. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzitambua, na alikuwa mkali: punje moja mbaya ikinipita, alinirudishia kwenye sinia. Nikibeba chupa yangu kwenda nyumbani, pamoja na za akina mama wa kanisa, nilijua binti yangu atakula kitu safi. Alianza kuionja siagi hiyo kwenye uji akiwa na miezi minane. Alipofika miaka mitatu alikuwa akiilamba kwenye kijiko kabla hata hajanawa uso.

Jumamosi moja nikamwomba dada ile ndoo. Nilikuwa nimeanza kufuga kuku, na sikuona sababu ya chakula kutupwa.

"Hizo wachana nazo," akasema. "Ukipea kuku watakufa."

"Sasa wewe huzipeleka wapi?"

Akachukua mwiko, akageukia jiko lililokuwa kando, akakoroga njugu zilizokuwa motoni. Dada yangu si mtu wa kunyamaza, kwa hiyo nikainuka nikachungulia sufuria. Beseni letu lilikuwa pale chini limejaa, likingoja kutiwa kwenye vipakiti vya nailoni anavyouza, ambamo mnunuzi huona kila punje. Zilizokuwa motoni zilikuwa zimekunjamana na kushika weusi, za ndoo ya wiki iliyopita, zikielekea kusagwa ziwe siagi.

"Nikizikaanga sana huwezi kusikia uchungu," akasema bila kunitazama. "Na naweka sukari kidogo."

"Na ya mtoto?"

"Ni hiyo hiyo. Kwani amewahi kugonjeka?"

Nilimchukia pale pale, na sioni haya kuandika hivyo. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka, mikono bado ina maganda mekundu ya njugu.

Jumatatu nilimpeleka mtoto kliniki Ruiru. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema njugu zenyewe ni chakula kizuri kwa mtoto, zikiwa kavu na zimechaguliwa vizuri. Kibaya ni ukungu: sumu yake haiondoki kwa kukaangwa, nayo hudhuru ini polepole bila mtu kujua. Akampima uzito, akasema anakua vizuri. Nikamuuliza kama ini lake limeguswa.

"Hiyo siwezi kukuambia leo, mama," akasema. "Wewe wacha tu kumpa."

Basi naishi na jibu hilo. Kanisani niliwaendea mmoja mmoja wale niliowaletea chupa za dada, nikawaeleza. Mmoja alinisikiliza huku akimvuta mtoto wake karibu, kana kwamba mimi ndiye niliyesaga.

Dada amepiga simu mara mbili. Anasema nimemharibia jina kwa sababu ya njugu, na sisi ni damu moja. Binti yangu naye bado anauliza siagi ya tata, ndivyo anavyomwita dada yangu, iko wapi, na mimi namwambia imeisha.

Nikikumbuka vizuri, dada mwenyewe mkate wake alikuwa akiupaka majarini. Nilidhani amechoshwa na harufu ya njugu, nikamhurumia. Kuku wangu dada hajawahi kuwaona hata siku moja, na hao aliwaonea huruma.