Darasa zima lilininyamazia

Leo nimegundua kwamba Kiingereza changu hakieleweki.

Nimekuja mjini Lodwar, Kenya, kwa usaili wa ualimu katika kambi yetu ya wakimbizi ya Kakuma. Nyumbani Sudan nilifundisha kwa Kiarabu miaka mingi. Hapa, bila Kiingereza, sifundishi mtu.

Swali la kwanza nilidhani nimelijibu kwa ufasaha. Msaili akamgeukia mwenzake:

"Mzee anaongea lugha gani?"

Nafasi nimeikosa.

Nje nikamuuliza Nyandeng, msichana niliyesafiri naye, tunayesoma naye darasa moja la Kiingereza Kakuma.

"Mwaka mzima mnanisikia. Mbona hamkuniambia?"

"Baba, nani angekusahihisha? Tungeonekana hatuna adabu."

"Hata mwalimu?"

"Mwalimu ni mdogo kuliko mimi, Baba."

(Nilitaka kucheka, ikashindikana.)

Hawana kosa. Kwetu mtu hukosolewa na watu wa rika lake. Wa rika langu walinicheka mpaka machozi nilipokosea, nikajifunza. Wengine tuliwazika njiani, wengine wametawanyika nisikojua. Kambini kila mtu ananiheshimu, na hakuna anayenicheka.

Ninyi mlio mbali mnaosoma barua pepe hii: kama yupo wa rika langu, aniandikie kwa Kiingereza. Nitamjibu.

Kisha anicheke.