Hina kwenye Kidole cha Kupigia

Andika kama nnavyosema, wala usinipambie. Mimi sikwenda skuli. Nilichokuwa nacho ni kidole hiki cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho leo hakikunjiki, na ambacho kwa miaka minne kilituweka mimi na mama yako chini ya dari mjini Maskati.

Tulifika mwaka wa sitini na nne, mimi, mtoto wa miaka miwili, na sanduku moja la bati. Babu yako tulimwacha ardhini Unguja. Wakati ule kuingia Maskati hakukuwa jambo jepesi. Aliyekuja bila ya mwenyeji wa kumdhamini aliweza kurudishwa katika meli ile ile aliyoshukia. Mwenyeji wetu alikuwa shangazi wa marehemu babu yako, aliyekulia Unguja akaolewa huku, katika nyumba ya ghorofa mbili iliyogusana mgongo na jabali. Alitupa chumba cha juu. Hakuniuliza tutakaa muda gani, nami nilielewa kwamba asiyeulizwa muda ni mtu ambaye muda wake unapimwa na mwingine.

Katika ukumbi wa wanawake palikuwa na keram iliyotoka Bombay: ubao wa mraba, laini kama kioo, wenye tundu kila pembe. Mchezaji hupiga kete kubwa kwa kidole, nayo huteleza juu ya poda na kuzisukuma kete ndogo matunduni. Anayemaliza zake mwanzo ndiye mshindi. Kaka zangu walinifundisha Unguja, nyuma ya mlango uliofungwa, kwa kuwa baba hakupenda kumwona binti akipiga kete mbele ya watu.

Alasiri moja binti mmoja wa shangazi aliumwa na kichwa, pakakosekana mtu wa nne.

“We mwana, unajua kucheza?” shangazi aliniuliza.

“Najua kidogo, shangazi.”

Kabla ya maghrib niliwafunga binti zake wote, mmoja baada ya mmoja. Shangazi aliitazama keram, akanitazama mimi.

“Hicho kidogo chako, mwanangu,” alisema, “kikikua kitatula sote.”

Wanawake walicheka, nami nikacheka nao.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba nyumba kubwa za Maskati na Matrah zilishindana. Kila nyumba ilikuwa na mchezaji wake. Tulikwenda baada ya sala ya alasiri, tukanywa kahawa, tukala halwa, kisha keram ikawekwa katikati ya busati na wanawake wakaizunguka. Nyumba iliyoshindwa ilimpa mshindi keram yake. Aliichukua kwake akaiegemeza ukutani, uso ukitazama ukuta, ikakaa hivyo mpaka wenyewe waje kuikomboa kwa kushinda. Hapana aibu iliyowauma kuliko ile. Miaka mitatu baada ya mimi kuanza, ukumbini kwetu ziliegemezwa keram tano.

Shangazi alinivisha vizuri na mama yako akala sahani moja na wajukuu zake. Lakini nilikuwa nimeshasikia habari za mchezaji aliyenitangulia. Alikuwa jamaa yao wa damu, naye alilala chumba kile kile nilicholala mimi. Aliposhindwa mara mbili mfululizo alipelekwa Sib kwa kaka yake, na siku hizo Sib ilikuwa safari. Nilipouliza kama anarudi, binti mkubwa aliendelea kumenya vitunguu.

“Nani?” alinijibu.

Siku nyingine mgeni mmoja alimtania shangazi kwamba nyumba yake imejaa wakimbizi. Shangazi alinishika kiganja, akakiinua watu wote wakione. “Huyu si mkimbizi,” alisema. “Huyu ni mkono wa nyumba hii.” Wageni walinipongeza. Mimi niliona kwamba kilichoinuliwa kilikuwa kiganja peke yake.

Baridi ya mwaka wa sitini na nane ndipo kidole kilipoanza. Asubuhi kilikuwa kigumu kama kijiti. Mchana kililegea kidogo. Nikipiga kete, maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko. Fundo la kati lilivimba. Sikumwambia mtu. Nilikula kwa vidole vitatu, nikiwaambia kuwa wali una moto. Nikifua nguo niliitia mikono povuni kabla hajapita mtu. Usiku nilikifunga kwa kitambaa chenye mafuta ya simsim, na alfajiri nilikificha kitambaa kile chini ya godoro. Niliendelea kushinda, lakini kila ushindi ulikuwa mwembamba kuliko uliotangulia, na niliona jinsi shangazi alivyoanza kukaa mbele zaidi kila tunapocheza.

Sasa sikiliza kosa langu. Yalibaki siku mbili twende Matrah, kwenye nyumba ambayo keram yake ilikuwa kwetu kwa mara ya pili na wenyewe walikuwa wameapa kuikomboa. Jikoni walikuwa wanaponda hina. Tangu utoto nilijua kwamba hina hupoza fundo lenye moto, nikaomba kidogo, nikakipaka kidole kile kimoja tangu ncha mpaka shina, nikalala nacho. Asubuhi kilikuwa chekundu, na uvimbe umepungua. Nilimshukuru Mungu.

Unguja kwetu mjane hapaki hina. Hina ni ya bi harusi na ya mwanamke aliye na mume. Mjane akionekana nayo, watu huuliza ameolewa na nani. Maskati hapana hesabu hiyo, hata watoto wadogo hupakwa. Nilifikiri kwa akili ya Maskati, nikasahau kwamba macho ya Unguja nayo yalishuka melini.

Wawili kati ya wageni wa Matrah walikuwa wanawake wa Unguja, waliofika karibuni. Waliketi nyuma ya mpinzani wangu wakisema Kiswahili kwa sauti ya kawaida, wakidhani mimi nimezama mchezoni na waliobaki ni Waarabu wasiojua Kiswahili.

“Shoga, yule si mjane? Mumewe si alikufa kule kule?”

“Mjane wa wapi, na hina kidoleni?”

“Kaolewa basi.”

“Na nani? Nyumba ile ina mwanamume mmoja tu.”

“Ee! Na mwenye mume kamleta mwenyewe kwa gari!”

Walicheka, shela zikiwa midomoni. Nyuma yangu, alikokaa shangazi, nilisikia kikombe cha kahawa kikiwekwa chini polepole. Sikugeuka. Mume wa shangazi nilimwamkia ngazini nikiwa nimejifunika, wala sikuwahi kumtazama usoni. Lakini jambo kama hilo halina shahidi.

Nilibakiwa na kete moja. Nilipiga, ikagonga ukingo, ikarudi, ikaingia. Mpinzani wangu, mama mtu mzima mwenye mzaha, alikishika kidole changu akapiga kelele, “Kikateni hiki, tukizike!” Chumba kizima kiliangua kicheko isipokuwa shangazi.

Tulipofika nyumbani shangazi aliwatoa binti zake ukumbini akafunga mlango.

“Hina hiyo kakupaka nani?”

“Nimepaka mwenyewe, shangazi.”

“Kwa ajili ya nani?”

Nilisimama. Nikinyamaza, nitakuwa mwizi wa mume, na sanduku langu litakuwa mlangoni kabla ya isha. Nikisema kweli, nitakuwa mchezaji asiye na kidole. Nilimsikia mama yako akiimba ghorofani. Nikauweka mkono wangu juu ya keram.

“Kinauma,” nilisema. “Nilipaka dawa.”

“Kikunje.”

“Hakikunjiki.”

Alikishika akakikunja mwenyewe. Sikulia, lakini nilikaa chini jasho likinitoka. Hapo shangazi alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyerudishiwa nyumba yake, akaniita mwanangu na kunipangusa jasho. Kisha kicheko kikakatika. Aliyageuza macho yake kwenye zile keram za ukutani.

“Tangu lini?”

“Tangu baridi ilipoingia.”

“Na umenipeleka Matrah na kidole hiki.”

Hakunifukuza, haki yake nampa. Hazikupita wiki mbili, akaletwa mwanamke kijana kutoka melini, mwenye mtoto anayenyonya, ambaye Unguja alisifika kwa keram. Alipewa chumba cha juu. Mimi na mama yako tulihamishiwa stoo ya jikoni, baina ya magunia ya mchele, tukakaa humo mpaka mwaka wa sabini. Niliamrishwa nimfundishe namna ya mbao za Maskati, ambazo wakati wa joto huvimba na kete hukawia.

Siku ya kwanza aliketi mbele yangu chumbani kule juu, mtoto amemlaza pajani. Alipiga vizuri, vizuri sana. Kisha aliinama.

“Dada,” aliniuliza kwa sauti ndogo, “siku nitakayoshindwa itakuwaje?”

Nyayo za shangazi zilikuwa zinapanda ngazi. Nilimwambia anyooshe mgongo, apige tena.