Mshubiri wa Fundi Majani

Wanaume siwasifu ovyo. Niliolewa na mmoja, nikabeba mawe ya msingi wa nyumba yake kichwani, na nyumba ilipoezekwa akaingiza mke mwingine, mimi nikatoka na ndoo ya nguo. Kwa hiyo nikisema Fundi Majani ni mtu mwema, niamini.

Tunafanya kazi jengo moja, la kuhifadhia mimea iliyokaushwa kwa ajili ya wataalamu. Mimi nafagia, yeye anakausha mimea kati ya magazeti, anaibana kwa mbao na mikanda, kisha anaishona kwenye karatasi nene kwa uzi mweupe. Miwani yake imefungwa kwa waya, na huliomba jani radhi kabla hajalikunja. Mwanzoni nilidhani ana wazimu, nikamwambia.

“Dada, na wewe mbona unaisemesha ndoo?” akajibu. Nikaendelea kufagia, maana ni kweli.

Mmea uliomsumbua ni mshubiri wa porini. Mimea mingine hufa kwenye magazeti. Mshubiri ubane miezi mitatu, ukiufungua unakutazama na chipukizi jipya. Kanuni ni kuuchovya kwanza kwenye maji ya moto ili ufe. Lakini mshubiri mmoja Fundi alishindwa kuuchovya. Ulitoka kilima cha mawe, una madoa meupe na miiba myekundu pembeni mwa majani, na kilima chenyewe sasa kimepasuliwa chote kikawa kokoto. Akaupanda kwenye kopo la rangi dirishani.

Kila mwaka ulitoa maua, mirija myekundu inayoinamia chini. Kila mwaka aliyapaka chavua kwa unyoya wa kuku, nayo yakakauka na kuanguka bila kuacha mbegu.

“Haukubali chavua yake mwenyewe,” alinieleza. “Unataka ya mwenzake, aliyeota kwa mbegu nyingine. Na mwenzake hayupo, dada. Mwezi ujao nastaafu. Huu ukifa, ukoo wote umekwisha.”

Nilifagia mahali pamoja mara tatu. Mwenzake alikuwepo. Niliung’oa mwenyewe kilimani kule siku za kubeba mawe, nikaupanda kando ya lango la nyumba ile. Nami nilikuwa nimeapa mguu wangu hautakanyaga pale tena. Kiapo hicho nilikuwa nimekitimiza miaka tisa.

Siku mbili nilijikaza. Siku ya tatu nikamkuta anaufuta vumbi kwa kitambaa cha miwani, jani kwa jani, kama mtu anayemwogesha mama yake mgonjwa. Nikavua aproni, nikaenda.

Mke mwenzangu ndiye aliyefungua lango. Amekonda. Nilitarajia kufurahi.

“Bwana hayupo,” akasema.

“Abaki huko huko. Nimefuata maua ya mshubiri.”

“Huu unaonichania nguo? Kila siku nasema nitaukata.”

“Na mbona hujaukata?”

Akautazama. “Vile vindege vidogo vinakuja kunywa maua. Nyumba hii haina mgeni mwingine, dada.”

Nilikuja na matusi ya miaka tisa, nimeyapanga vizuri njiani, na badala ya kuyatoa nikaomba kisu. Nikakata kikonyo kimoja chenye maua. Akaniletea gazeti la kukifungia, wala sikumshukuru. Bado sijafika huko.

Fundi hakuuliza nimekitoa wapi. Alichukua unyoya, akaupitisha kwenye chavua ya kikonyo, kisha akagusa maua ya mshubiri wa kopo, ua baada ya ua, kila moja akiliomba radhi. Wiki ya pili maua yakaanguka, lakini safari hii yaliacha vifuko vya mbegu, vya kijani, kumi na kimoja. Alivihesabu kutwa nzima kana kwamba vingetoroka.

Siku ya kustaafu vilikuwa bado havijakomaa. Wakubwa walimpa saa ya ukutani. Akaisahau kitini, akashuka ngazi taratibu amekumbatia kopo lake, mimi nikitangulia kumwonyesha pa kukanyaga.

“Usianguke, kaka,” nikamwambia. “Maana ukianguka nitaokota kopo kwanza.”

“Ndivyo inavyotakiwa, dada,” akasema. “Mimi nitajiokota.”